Sentensi moja kwa siku: mwongozo kamili wa kujinoa grama ya Kiingereza kwa kitabu cha hadithi

Mi nakaa Pasua hapa Moshi, na mlimani nilianza kama mgumu, yani mbeba mizigo, kwa wasiojua ni kwamba wapagazi wa Kilimanjaro huku tunaitwa wagumu, na Kiingereza changu miaka ya mwanzo kilikuwa kile cha njiani tu, slowly slowly, drink water, one more hour. Kinatosha kabisa mpaka siku unapoulizwa swali lenye kitu kidogo kimejificha ndani. Siku yangu ilikuwa kambi ya Shira, baridi ile ya kukata masikio, mgeni mmoja mama mtu mzima ameshika chupa ya chai ananiambia "You don't want tea?" mi nikajibu fasta "No!" nikimaanisha hapana mama, nataka, tena sana. Akasema okay, akammiminia mwenzangu yote iliyobaki.

Kwa Kiswahili mtu akikuuliza "hutaki chai?" ukasema "hapana, nataka" hamna anayeshangaa, unakataa lile neno lake la hutaki. Kwa Kiingereza No na Yes haziangalii swali limeulizwaje, zinaangalia jibu lako mwenyewe: kama hutaki ni "No, I don't", kama unataka ni "Yes, I do", basi. Hili sikulijua, na sikulipata kwenye notsi zangu za form two, nilikuja kuliona kwenye hadithi, watu wawili wako jikoni mmoja anamuuliza mwenzie "You didn't see him?" anajibu "No", alafu mstari wa chini yake unaonyesha wazi kwamba kweli hakumuona. Nikakaa kimya nikaikumbuka ile chai.

Twisheni sikuwa na muda nayo, ukipanda mlima siku saba huwezi kuhudhuria darasa la Jumatatu na Jumatano, kwa hiyo nikaishia kwenye hii njia ya kuchukua sentensi moja ya kwenye hadithi na kuihangaikia mpaka ikuambie kila ilichoficha. Nimeitumia miaka kadhaa sasa, nimewaonyesha vijana wawili watatu wanaobeba mizigo na mdogo wangu wa kike aliyeko form three Arusha, na kila mmoja kaibadilisha kivyake kidogo.

Kwa nini hadithi na sio kitabu cha grama? Kitabu cha grama kinakupa sentensi yatima. "John has eaten an apple." John nani, kala lini, na kwa nini tunaambiwa? Huwezi kujua kwa nini ni has eaten na sio ate kama hujui nini kimetangulia. Kwenye hadithi sentensi ina ndugu zake juu na chini, na hao ndugu ndo wanaokuambia kwa nini mwandishi kaweka had hapa na the pale. Kitabu cha grama ninacho na nakiheshimu, ila nakifungua nikishakwama, sio kabla.

Kuchagua kitabu

Cha kwangu cha kwanza kiliachwa na mgeni kwenye hema, hakina jalada na kurasa kumi za mwanzo hazipo, nadhani kuna mtu aliwashia jiko, kwa hiyo mpaka leo sijui kinaitwaje. Haikunizuia chochote. We tafuta popote: vitabu vya litrecha vya form three na four ambavyo wadogo zetu wameshamaliza navyo, vya mitumba vinavyopangwa chini pembeni ya barabara, maktaba ya mkoa ipo Moshi na Arusha pia ipo, na hosteli za wageni huwa na rafu ya vitabu walivyoviacha, ukimwomba mhudumu kistaarabu mara nyingi anakuachia kimoja.

Namna ya kupima ni rahisi. Fungua ukurasa wa katikati, soma, kila neno usilolijua kunja kidole. Mkono mmoja ukijaa kabla ukurasa haujaisha rudisha, hicho ni cha baadae. Na kama unaweza kuchagua, chagua hadithi ya Kiafrika iliyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, maana mvua, migomba, mama mkwe na basi lililoharibika unavijua tayari, kilichobaki kigeni ni grama tu na hiyo ndo tunayoitaka. Ukianza na hadithi ya watu wanaoteleza kwenye barafu utapoteza nusu saa unafikiria vifaa vyao.

Vitu viwili vya kukwepa. Mashairi, kwa sababu mshairi anapindua mpangilio wa maneno kwa makusudi. Na Kiingereza cha zamani, hapa nawaambia hasa watu wa kanisani kwetu maana wengi wanafanyia mazoezi Biblia ya King James, ile ni ya mwaka 1611, ina goeth na thou na hath, neno la Mungu halina tatizo lakini ukimwambia mgeni geti la Machame "whither goest thou" atakupiga picha. Kama unataka Biblia chukua tafsiri ya kisasa.

Vifaa: kaunta buku moja, peni ya bluu, peni nyekundu. Simu weka mbali kwa dakika ishirini za mwanzo, ntakwambia baadae itumike wapi.

Hatua ya kwanza: ichote sentensi kwa kichwa

Tafuta sentensi ya maneno kati ya nane na kumi na tano, yenye vitenzi viwili hivi. Mi hapa natumia sentensi niliyoitunga mwenyewe kwa mtindo wa hadithi ili tuwe pamoja, we utatumia ya kitabu chako:

"The old woman had already sold her bananas when the rain began."

Isome mara mbili kwa sauti, funga kitabu, iandike kwa bluu kutoka kichwani. Fungua, linganisha herufi kwa herufi, sahihisha kwa nyekundu. Unaweza kuona ni kazi ya mtoto wa darasa la pili, ila angalia ulichokosea. Usichokijua hutakiona, na usichokiona hutakiandika. Mi kwenye sentensi ishirini za mwanzo nilikuwa nadondosha the karibu kila mahali, na s ya mwisho, na had naandika has. Macho yalikuwa yanazipita kama haisi inavyopita kituo kisicho na abiria. Mdogo wangu yeye hadondoshi kitu ila anaongeza, anaandika "the old woman she had". Kila mtu na ugonjwa wake, na hii hatua ndo inakuonyesha wa kwako, usiiruke.

Hatua ya pili: vitenzi, na nini kilitangulia

Piga mstari chini ya vitenzi. Hapa ni had sold na began. Sasa jiulize lipi lilitokea kwanza, andika 1 na 2 juu yake. Kuuza ndizi ni 1, mvua kuanza ni 2. Alafu andika kwa Kiswahili chako cha kawaida: bibi alikuwa ameshauza ndizi zake mvua ilipoanza.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Ule mdudu wa shuleni unaoitwa pasti pafekti, uliotutoa jasho na kuchapwa juu, kumbe kwa Kiswahili tunao tangu utotoni. Alikuwa ame- ndo had. Ile -sha- ndo already. Ile -po- ya ilipoanza ndo when. Mtoto wa miaka mitano pale Majengo anasema "nilikuwa nimeshakula mama alipokuja" bila kufikiria. Hujifunzi wazo jipya, unajifunza nguo mpya ya wazo unalolijua.

Ila sio kila mara inanyooka hivyo, na hapa ndo wengi tunateleza. Ile -me- peke yake ni msaliti. Kwa Kiswahili nasema "nimefika jana" na hamna anayeguna. Kwa Kiingereza "I have arrived yesterday" ni kosa, ukishataja jana, juzi, saa mbili, mwaka jana, basi have inaondoka inabaki "I arrived yesterday". Have inakaa pale ambapo muda hautajwi au bado haujaisha: "I have arrived", "I have climbed it twice this year". Kila ukikutana na have au has kwenye hadithi, na mara nyingi utaikuta kwenye maongezi ya wahusika, angalia kama kuna neno la muda uliokwisha pembeni. Halipo. Tafuta mara thelathini, ikishaingia hutaisahau.

Na -ka-. Sisi tukisimulia tunasema akaamka, akanawa, akachukua jembe, akatoka. Kiingereza hakina -ka-, kinapanga pasti za kawaida tu: "She got up, washed, took the hoe and went out." Vijana wengi wakisimulia wanabandika then kila kitenzi, then she washed, then she took, then she went, sio kosa la grama lakini inachosha masikio. Hesabu then kwenye ukurasa mmoja wa kitabu chako uone zilivyo chache.

Hatua ya tatu: ivunje kwa makusudi

Hii ndo naipenda kuliko zote. Toa kitu kimoja, angalia nini kinaanguka.

Toa had pamoja na already yake: "The old woman sold her bananas when the rain began." Grama bado iko sawa, lakini hadithi imebadilika, sasa bibi kauza baada ya mvua kuanza, labda watu walikimbilia kibandani kwake. Maneno mawili tu yamehamisha biashara nzima. Weka was selling: "The old woman was selling her bananas when the rain began", sasa mvua imemkuta katikati ya kuuza na ndizi zimelowa. Kauza kabla, kauza baada, alikuwa anauza, mabibi watatu tofauti kwenye sentensi moja. Andika zote tatu na Kiswahili chake pembeni: alikuwa ameshauza, aliuza, alikuwa anauza. Ukielewa hapa umeelewa nusu ya tensi za hadithi yoyote utakayoisoma.

Badilisha The old woman iwe An old woman. Grama sawa, ila msomaji sasa anamuona bibi kwa mara ya kwanza. Badilisha her iwe the: ndizi zinakuwa zile ambazo tumeshazitaja juu huko, zinaweza kuwa hata za mtu mwingine. Badilisha began iwe begun, hapo imekufa, maana begun haisimami peke yake inataka had, has au have mbele yake. Begin, began, begun. Usikariri orodha nzima ya vitenzi vya hivyo kwa siku moja kama tulivyolazimishwa, okota kimoja kimoja kila kinapojitokeza kwenye sentensi yako, kiandike nyuma ya kaunta buku na sentensi yake, kwa mwezi utakuwa na thelathini unavyovijua kweli.

Hatua ya nne: ijaze maisha yako

Mifupa ya ile sentensi ni: fulani had already kafanya hiki when kile kikatokea. Tunga tano za kwako, na ziwe za kweli, za wiki hii, sio za John na tofaa lake. Za kwangu siku ile zilikuwa kama hizi: "The porters had already pitched the tents when the guests arrived." "My mother had already left for the market when I woke up." "The bus had already left Moshi when I remembered my bag." Hiyo ya mwisho niliandika kwanza "when I was remember my bag" na nikaona iko poa, mpaka niliporudi kwenye ya kitabu nikaona began haina was, nikajisahihisha mwenyewe bila mwalimu.

Zigeuze kuwa za kukataa na za kuuliza. "The old woman had not sold her bananas yet", kwa Kiswahili alikuwa hajauza, ile -ja- ndo yet. "Had the old woman sold her bananas?" Na ukiuliza kwa did kumbuka did imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinabaki kibichi: "Did she sell", sio "did she sold". Hili kosa Tanzania nzima tunalo, tulimalize.

Hatua ya tano: ipeleke Kiswahili, iache ilale, irudishe

Hii njia ina mzee wake. Noti ya dola 100, ile ambayo ukiipata kama tipu mwisho wa safari unapiga simu nyumbani, ina picha ya Benjamin Franklin. Huyu jamaa alizaliwa Boston mwaka 1706, shule aliacha mapema akawa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa cha kaka yake, akapata nakala za gazeti moja la London lililoitwa The Spectator akapenda lilivyoandikwa. Alichofanya: anasoma makala, anaandika dokezo fupi la kila sentensi, anaziacha siku kadhaa, alafu anajaribu kuiandika makala upya kutoka kwenye madokezo bila kuangalia, mwisho analinganisha na kusahihisha. Wakati mwingine anayachanganya madokezo kama karata, wiki zikipita anajaribu kuyapanga tena. Na alikuwa anafanya usiku baada ya kazi, au asubuhi kabla haijaanza, au Jumapili. Hamna twisheni hapo.

Yeye alikuwa Kiingereza kwa Kiingereza. Sisi tuna bahati ya kuwa na Kiswahili, kwa hiyo dokezo letu liwe tafsiri. Chukua sentensi tano mfululizo, aya moja ndogo, zitafsiri kwa Kiswahili kizuri kwenye ukurasa wa kulia. Zifunge siku tatu, siku nne. Alafu bila kuangalia kitabu zirudishe Kiingereza, fungua, linganisha. Nyekundu itatembea hapo mpaka uone aibu, lakini kila wino mwekundu ni sehemu ambapo Kiswahili kimekuvuta shati. Mi kwenye daftari langu makosa yanarudi kwenye mafungu yale yale, nadhani na ya kwako yatafanana.

La kwanza ni he na she. Sisi tuna a- tu, alikuja ni yeyote. Dawa yake: chukua aya inayomuhusu bibi umgeuze babu, kila she iwe he, kila her uamue ni his au him, maana her inafanya kazi mbili. "She took her basket and the boy followed her" inakuwa "He took his basket and the boy followed him". Fanya kumi tu za hivyo mdomo utaanza kushtuka wenyewe, mi nilikuwa namuita mume wa mgeni she mbele yake.

La pili, kurudia mtenda. "The guide he said", "My mother she is sick". Inatoka kwenye a- ya alisema, tunadhani lazima mtu atajwe tena. Kiingereza kikishamtaja kinamuacha. Ndugu yake ni hili la "the woman that I saw her", kutoka niliyemwona, ile -m- imevuka mpaka bila pasi. Kiingereza kinasema "the woman that I saw", nukta. Na "the bag which I carried", sio which I carried it. Ukikutana na who, which au that kwenye hadithi simama, isome ile sentensi na kosa alafu bila kosa, sikiliza tofauti.

La tatu ni -ni. Sisi tuna -ni moja inamaliza kila kitu, mezani, mtoni, sokoni, mlimani, wao wana on the table, in the river, at the market, on the mountain. Hapa sina dawa ya kanuni, kanuni zake zina mashimo mengi, hapa ni kukusanya tu. Nina ukurasa mzima wa maneno, kila moja na kihusishi chake, arrive at the gate, afraid of the dark, listen to the driver, kila kimoja na sentensi ilikotoka.

Hatua ya sita: mazoezi ya a na the

Naitenga kwa sababu kwetu hiki kitu hakipo kabisa, mtu ni mtu. Chukua aya, inakili ukiacha mapengo, kesho yake jaza. Jaribu hii:

"... boy came down ... mountain with ... goat. ... goat was thin and ... boy was crying. At ... bridge he met ... old man who was washing ... shirt in ... river."

Usisome chini kwanza.

Majibu yangu: A boy, the mountain, a goat. The goat, the boy. The bridge, an old man, a shirt, the river. Mvulana na mbuzi ndo tunakutana nao sasa hivi, kwa hiyo a, wakirudi wanakuwa the. Hiyo wengi wanaijua. Lakini mountain inakuwaje the wakati haijatajwa? Kwa sababu ni ule ule, kama sisi hapa Moshi tukisema "kaenda mlimani" hamna anayeuliza mlima gani. Mwandishi anakufanya mwenyeji wa pale. River ni the kwa sababu daraja lililotajwa limeshauleta mto wenyewe. Bridge ungeweka a usingekosea, ila ungekuwa unasema kuna madaraja mengi na hili ni mojawapo, au msomaji halijui. An ni kwa sababu ya mlio wa o, mlio na sio herufi, ndo maana ni "an hour" lakini "a university". Na shirt ungeweza kuweka his, ila hapo umeamua ni shati lake na sio la mteja.

Unaona kwamba the inategemea unadhani msomaji wako anajua nini? Ndo maana haifundishiki kwa sentensi yatima. Mi ilinichukua karibu mwaka na bado nakosea.

Hatua ya saba: maongezi

Hii fupi. Chukua mstari wa mhusika, uripoti. "I will wait for you here," he told her. Inakuwa: he told her that he would wait for her there. Will imekuwa would, here imekuwa there, you imekuwa her. Kiswahili hakirudishi wakati nyuma, tunasema alisema atamsubiri, kwa hiyo ukitafsiri moja kwa moja utasema he said he will wait, na kwenye maongezi wenyewe pia wanasema hivyo kama jambo bado halijafika, ila kwenye mtihani wa NECTA usijaribu.

Alafu soma kwa sauti, jirekodi voisi kwenye simu, jisikilize. Utashangaa s za mwisho zinavyomezwa.

Mitego ya vitabu vyenyewe

Hadithi karibu zote zimeandikwa kwa wakati uliopita. Ukifanyia mazoezi hizo tu utakuwa fundi wa had alafu unamwambia mgeni "the path go up". Kwa hiyo mara moja kwa wiki chukua aya uigeuze iwe ya kila siku: "The old woman sells her bananas every morning. She sits under a tree. She does not talk much." Ile s ya sells na sits, na ikikataa inahamia kwenye does, ifukuzie huko.

Pili, waandishi wanavunja sheria kwa raha zao. Utakuta "Rain. More rain." bila kitenzi, utakuta mhusika anasema ain't na gonna. Elewa, cheka, ila usivinakili kwenye barua ya kuomba kazi.

Tatu, simu. Google Translate naitumia kwa neno moja nililokwama nalo, sio kwa sentensi. Ukiiwekea "amefika" lazima ibahatishe he au she, yenyewe haijui bibi yako yuko wapi kwenye hadithi. Na jibu sahihi unalo mkononi tayari, ni kitabu. Ukikwama kabisa, kila mtaa una mwalimu wa sekondari, nenda jioni, "shikamoo mwalimu", mpelekee soda na sentensi moja yenye swali moja. Ukimpelekea daftari zima atakuambia njoo Jumamosi na hutamkuta.

Muda: nusu saa kwa sentensi moja inatosha, hatua ya kwanza mpaka ya nne ni siku moja, ya tano na ya sita unagawanya wiki nzima. Mi nafanya sana Aprili na Mei, masika, wageni wachache, wagumu wengi tuko nyumbani. Msimu ukichanganya nabeba karatasi moja tu mfukoni yenye sentensi moja, naigeuza kichwani nikiwa natembea.

Kama leo huna kitabu anza na hizi tatu, nimezitunga zikiwa na vitu ndani. "If the driver had listened to the old man, the bus would not have fallen into the river", hii ni -ngeli- yetu, dereva angelimsikiliza mzee basi lisingelitumbukia mtoni, na ona would iko upande mmoja tu, sisi tunaweka -ngeli- pande zote mbili na ndo tunapokosea. "The letter which my father had hidden was found by my sister", tafuta kwa nini hamna it baada ya hidden, na tafuta nani kafanya nini. "The dog lay at the door and waited for a man who would never come back." Hii ya tatu kuna mtego kwenye lay, inafanana na kitenzi kingine kabisa, usifungue dikshenari mpaka uwe umeshaivunja kwanza.